Sekstanti ya Kutumika
Ukiingia duka la vitu vya kale kumtafutia zawadi mtu wako aliyezama kwenye matanga, ya kwanza kukukonyeza itakuwa sekstanti ya shaba inayong'aa, ndani ya kisanduku cha mbao, imechorwa "Kelvin & Hughes, London, 1917". Iache hapohapo. Kampuni ya jina hilo iliundwa mwaka 1947. Hilo ni pambo la mezani, na baharia atalijua kabla hajamaliza kukushukuru.

Kazi ya sekstanti ni kupima pembe kati ya jua au nyota na upeo wa bahari. Tao lake ni sehemu moja ya sita ya duara, yaani nyuzi 60, lakini kwa kuwa mwanga hugonga vioo viwili, hupima hadi 120 na zaidi kidogo. Ukikosea dakika moja ya pembe, umepotea maili moja ya baharini, mita 1,852. Manahodha wa zamani wa Bahari ya Hindi walipima nyota kwa kamal, kibao chenye uzi wa mafundo, ncha imeumwa kwa meno. Hakikung'aa hata kidogo, na walifika.

Kwa iliyokwisha kutumika, tenga kasoro zenye dawa na zisizo na dawa. Kioo kilicholiwa na chumvi pembezoni hubadilishwa. Kilichoinama hunyooshwa kwa skurubu zake ndogo. Hata ile tofauti inayobaki chombo kikiwa kwenye sifuri isikutishe: baharia huipima kila anapotoka na kuiingiza kwenye hesabu. Usiogope pia rangi iliyochubuka. Ni dalili kwamba kuna mtu alifanya nayo kazi. Ila iliyoanguka ikapinda fremu, usiichukue hata kwa bei ya bure.

Utaijuaje? Bana vishikizo vya chini, usukume mkono wake kutoka mwanzo wa tao hadi mwisho. Uteleze bila kukwama popote. Kisha uweke karibu na sifuri, uchungulie upeo wa bahari. Paa la nyumba ya jirani halifai, liko karibu mno na litakudanganya. Zungusha ngoma ya mikrometa kwa kulia mpaka taswira mbili ziwe mstari mmoja, usome. Vuruga, urudie ukizungusha kwa kushoto. Hesabu mbili zikipishana dakika nzima, meno yamelika: inacheza kama usukani wa daladala kuukuu. Kwa chombo cha chuma kilicho kizima, zisipishane hata nusu ya dakika.

Halafu fungua kifuniko cha sanduku. Zilizotengenezwa kwa ajili ya meli huwa na cheti kinachoonyesha makosa ya tao kwa kila sehemu. Linganisha namba ya cheti na iliyochongwa kwenye fremu. Zisipofanana, cheti ni cha sekstanti nyingine.

Kwa majina, C. Plath ya Hamburg na Tamaya ya Japani zina heshima yake, na Freiberger iliyotoka Ujerumani Mashariki ni kazi ya mikono safi. Anayetaka mpya bila kufilisika hununua Astra IIIB ya China. Za plastiki za Davis watu huzicheka bure. Ni kweli hazipendi joto, ukiiacha juani vipimo vyake huhama, lakini anayejifunza atafika nayo mbali, na mimi ningempa hiyo mara kumi kabla ya lile pambo la shaba. Kuhusu kioo cha upeo, kile cha nusu ni kizuri kwa nyota wakati wa machweo, cha kioo kizima ni rahisi kwa jua mashua ikiyumba. Muulize mwenyewe, hata kama zawadi itakosa siri.

Ongeza almanaka ya mwaka huu na saa ya kuaminika, maana sekunde 4 za saa ni dakika nzima ya longitudo.

Siku ya kumkabidhi, mtazame anavyoipokea. Sekstanti hushikwa kwa fremu au kipini. Akiidaka kwa tao, basi ile ya 1917 ingemtosha.