Jozi ya Pili ya Miguu

Anayetaka kufuga uduvi nyumbani aanze kwa kuwatazama miguu. Rangi hudanganya. Yule mwekundu anayependwa na wafugaji wengi duniani, Neocaridina davidi, asili yake ni kahawia, mkazi wa vijito vya China na Taiwan. Wekundu wake ni kazi ya watu waliochagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na wakiachwa wazaane ovyo wajukuu huurudia ukahawia. Miguu haina hila hiyo. Mtie uduvi kwenye bilauri safi, mmulike ubavuni kwa tochi ya simu, kisha tazama jozi mbili za mbele. Ukiona vigando vidogo vyenye vinyweleo vinavyofunguka na kufumba kama brashi, huyo ni wa jamaa ya Atyidae: kutwa anapangusa utando wa kijani juu ya mawe na kuutia kinywani, mguu huu ukipumzika ule unaendelea. Ukiona jozi ya pili imerefuka kuipita pua, na ina magando ya kukamatia, huyo ni Macrobrachium, kamba wa maji baridi, na visamaki uliomweka navyo vitapungua usiku baada ya usiku.

Kazi hii naipenda kwa sababu hiyo. Ndani yake kumtambua mnyama na kumlea ni jambo moja.

Hata mayai yana la kusema. Jike huyabeba chini ya tumbo na kuyapepea bila kuchoka. Yakiwa machache na makubwa, watoto watatoka wakiwa na umbo la mama yao, wadogo kuliko punje ya mchele, na tangi litajaa. Yakiwa mamia na madogo sana, watatoka viluwiluwi wa kuelea, na wengi wa jamii ya Macrobrachium hufa wasipopata maji yenye chumvi kidogo, kama ya mlangoni mwa mto. Jambo hilo liliwashinda wafugaji wa kamba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shao-Wen Ling wa FAO alipoligundua huko Penang, Malaysia, na ufugaji wa kamba wakubwa wa mtoni ukaanzia hapo.

Sisi wa Gisenyi tuna ziwa mlangoni, ila maji ya Kivu si ya kuchota na kumimina tu. Yana magadi mengi, pH yake ni ya juu, takriban 9, magnesi ni tele na kalsiamu ni haba, na uduvi bila kalsiamu hawezi kujenga gamba. Kwa hiyo tunayachanganya na ya mvua. Nayo mvua ina masharti yake: moshi wa volkano ya Nyiragongo huitia tindikali na floridi, na mabati huongeza zinki, hivyo maji ya kwanza kutoka paani yaachwe yapite. Lakini mlima huohuo umetupa jiwe bora kuliko sponji yoyote ya dukani. Jiwe jeusi la volkano, hili la kujengea kuta, limejaa vitundu, na humo hukaa bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa kitu kisichoua haraka. Lisugue, lichemshe, liweke tangini wiki kadhaa kabla ya uduvi wa kwanza kuingia.

Adui mkubwa hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni dawa ya mbu. Chini ya milima ya Virunga hulimwa pareto, na sumu ile inayomwangusha mbu humwangusha uduvi vilevile, kwa kuwa wote wana miguu ya pingili na neva zinazofanana. Chumba chenye tangi hakipuliziwi. Shaba nayo ni sumu kwao, hata ile iliyomo katika baadhi ya dawa za samaki.

Siku ya kujivua gamba ndiyo siku ya kukaa mbele ya kioo. Uduvi hutulia, gamba hupasuka nyuma ya kichwa, naye huruka nje mara moja, macho, papasi na vinyweleo vyote vikiwa vipya. Linalobaki ni umbo lake zima, angavu, na mgeni hudhani ni maiti. Lisitolewe. Atarudi kulila, kwa sababu ndiyo kalsiamu yake.

Ziwa Viktoria lina uduvi wake, Caridina nilotica, aliyeelezwa kutoka Mto Nile mwaka 1833. Wavuvi humkuta nyavuni pamoja na dagaa, na sangara wadogo humtegemea kwa chakula. Wa kwao akae kwao, asihamishiwe ziwa jingine. Samaki wadogo wa sambaza tunaowala hapa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kamba wa Louisiana alipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Maziwa yote mawili hayajarudi yalivyokuwa. Uduvi wakizidi, wagawiwe majirani wenye matangi. Maji ya tangi yamwagwe kwenye migomba, kamwe yasiingie mto Sebeya.