Michembe: ujanja uko kwenye kunyauka

Ukimuuliza mtu wa mjini michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, hutengenezwaje, atakujibu kwa neno moja: jua. Lakini jua la Shinyanga ni la wote, halina ufundi. Ufundi uko kwenye zile siku chache kabla ya kuanika, viazi vitamu vikiwa vimerundikwa pembeni na mama mwenye nyumba akionekana kama amevisahau.

Mkoa huu hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 hivi kwa mwaka, nyingi yake kati ya Novemba na Aprili. Ikikatika, matuta hupasuka, na fukusi hupita kwenye nyufa hadi kukifikia kiazi. Ukikiacha shambani, umemlisha yeye. Ukikichimba ukakiweka ndani, hakifiki mbali pia: takribani asilimia 70 ya kiazi kibichi ni maji, kwa hiyo baada ya wiki chache kinaoza au kinachipua.

Kwa hiyo hukaushwa, ila kwanza huachwa kinyauke. Kiazi kilichochimbwa leo ni kigumu: ukikikata kwa wembamba kinakatika vibaya, na utomvu unaganda kisuni na vidoleni. Kikishapoteza sehemu ya maji, kinalegea kama ngozi. Unakimenya bila kugombana nacho, na kipande kinapinda badala ya kuvunjika. Wembamba ndio shabaha yote. Maji hutokea usoni mwa kipande, hivyo ukipunguza unene kwa nusu, muda wa kukauka hupungua kwa zaidi ya nusu. Kipande kinene hukauka nje tu, moyoni kinabaki na unyevu, na ukungu huanzia humo.

Majabali ya Usukuma humaliza kazi. Jiwe hupata joto mchana na kuendelea kulitoa jioni, kwa hiyo kipande hukauka kwa juu na kwa chini, tena bila mchanga. Kilo 10 za viazi hubaki 3 hivi. Mchembe uliokauka sawasawa huvunjika kwa mlio. Ukipinda, urudishe juani. (Viazi lishe vya rangi ya chungwa ni afadhali vianikwe kivulini, maana jua kali hula ile vitamini A iliyofanya vipandwe.)

Matobolwa ni hesabu nyingine. Viazi huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Moto huua vimeng'enya vinavyotia weusi, na wanga ulioiva hukauka ukawa mgumu, unang'aa kama kaharabu. Watu huviona hivi viwili kama suala la ladha. Mimi naona suala la kuni: matobolwa huzilipia mwanzoni, michembe huzilipia siku ya kupikwa, iwe kwa karanga au kwa maziwa. Katika mkoa uliopungukiwa miti hadi mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukaanzishwa mwaka 1986, swali hilo si dogo.

Kwa mchimbaji mdogo anayeelekea machimbo ya Nyarugusu, Geita, jibu ni jepesi. Huko maji hununuliwa kwa dumu na mkaa kwa kopo. Tobolwa limekwisha kuiva nyumbani. Linatafunwa kavu, mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, kabla ya zamu kushuka.