Fomu inayomeza dosie: lawama kwa sisi tunaoandika PHP

Wandugu wa chama, leo ninatukosoa sisi wenyewe.

Mdogo wangu alinipigia simu toka Dilolo, kule mpakani na Angola. Alikuwa anaomba masomo kwa intaneti: diploma, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule, vyote picha za telefone. Alinunua mega, akajaza fomu, akatuma, akangoja karibu dakika arobaini. Fomu ikamrudishia: "Jaza nafasi zote."

"Yaya, nimejaza yote. Mara tatu! Sasa mega zimeisha."

Ile tovuti sitaitaja. Kosa lake ninalijua, maana mimi pia nimeliandika zamani.

PHP, kwa kawaida, inapokea kwanza ombi lote, ndipo programu yetu inaamka. Kama hujabadilisha kitu, upload_max_filesize iko 2M kwa faili moja, na post_max_size iko 8M kwa ombi zima. Picha tatu za mega tatu tatu zinafika tisa. Hapo njo shida inaanzia: ombi likipita post_max_size, $_POST na $_FILES vinabaki tupu, hata jina la mtu halimo. Programu yetu inakuta utupu, inamwambia mtu hakujaza. Ule ni uongo, na mtu ameulipia.

Faili moja likizidi, ombi zima likiwa bado dogo, PHP inasema wazi: kosa namba 1. Likifika nusu, namba 3. Wangapi kati yetu wanasoma namba hizo? Wengi tunaandika tu "Kosa, jaribu tena." Kujaribu tena faili kubwa mno ni kuchoma mega bure.

Kuna wanaosema: "Pandisha kikomo, weka 50M, kwisha." Kwa aliye ofisini Kolwezi na mtandao mzuri, sawa. Kwa wa Dilolo, kikomo kikubwa peke yake kinaongeza tu saa za kungoja kabla mtandao haujakatika. Halafu kikomo kile kinalinda seva. Lugha haina kosa kubwa hapa. Inasema, sisi hatusikii.

Dawa si ngumu. Pima ukubwa kwenye telefone kabla ya kutuma, punguza picha pale pale. Hifadhi maandishi kwanza, kisha pokea faili moja moja, ili moja likianguka mengine yabaki. Kwenye seva, kama $_POST iko tupu na CONTENT_LENGTH ni kubwa, sema ukweli: "Faili zako ni nzito mno, mwisho ni mega nane." Na usiamini aina ya faili inayotajwa na kivinjari, kagua mwenyewe, toa jina jipya, ndipo uite move_uploaded_file.

Mdogo wangu alipunguza picha kwa maelezo yangu, akatuma siku ya mwisho. Ikapita. Wangapi hawana yaya wa kuwapigia simu? Wale tunawahesabu kama "hawakuomba."

Basi kabla ya kutoa fomu yako, ijaribu kwa telefone ya bei ya chini, kwa mega za kununua, na dosie nzito. Ikikwambia "jaza nafasi zote," rudi kwenye kodi.