WPS: Ruta Inayojibu Kupita Kiasi

Nunua printa ya Wi-Fi, itoe kwenye boksi, kisha jaribu kuiunganisha na kompyuta yako bila waya. Kompyuta haina shida: ina kibodi, unaiandikia nywila ya mtandao wa nyumbani, imeisha. Printa je? Nyingi zina kioo kidogo kama cha kikokotoo na vitufe vichache. Nywila ya herufi 20, kubwa kwa ndogo pamoja na alama, utaiingizaje humo bila kuchoka?

Tatizo hili ni la kweli, na WPS ilikuja kulitatua. Ni utaratibu wa Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za vifaa vya Wi-Fi, ulioanza kusambaa mwaka 2007. Ahadi yake ilikuwa nzuri: usiandike nywila kabisa. Ama unabonyeza kitufe kwenye ruta na kingine kwenye printa, ama unatumia PIN ya tarakimu 8, ambayo mara nyingi utaikuta imebandikwa chini ya ruta. Ruta ikiridhika, yenyewe inaipa printa nywila. Basi, printa na kompyuta zimo kwenye mtandao mmoja, unachapa.

Hoja yangu ni hii: WPS ilielewa vizuri shida ya mtumiaji, lakini njia yake ya PIN ilibuniwa vibaya kiasi cha kuufanya ulinzi wote wa mtandao usiwe na maana. Na wala haikuhitaji hesabu ngumu kuivunja. Ilitosha kuisikiliza ruta inavyojibu.

Tuhesabu pamoja. Tarakimu 8 zinatoa michanganyiko 100,000,000. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde 2, atahitaji zaidi ya miaka 6 kuimaliza yote. Inaonekana salama, sivyo? Sasa angalia. Tarakimu ya 8 si siri: inakokotolewa kutokana na zile 7 za mwanzo, ili mtumiaji akikosea kuandika igundulike. Kwa hiyo imebaki michanganyiko 10,000,000. Bado si haba. Kwa kasi ileile ni kama siku 231.

Kosa kubwa linafuata. Ruta haipimi PIN yote kwa mara moja. Inapima tarakimu 4 za kwanza, na zikiwa si zenyewe inakata mazungumzo hapohapo. Zikiwa sahihi, inaendelea na nusu ya pili. Yaani anayebahatisha anajua kabisa amekwama wapi. Nusu ya kwanza ina michanganyiko 10,000. Ya pili, ukiondoa ile tarakimu ya ukaguzi, ina 1,000. Hapo hatuzidishi tena, tunajumlisha: majaribio 11,000 tu, na hiyo ni kwa mtu asiye na bahati. Kwa sekunde 2 kila jaribio, ni saa 6 na dakika chache. Anaanza usiku, asubuhi ameshaingia.

Kama bado hujashtuka, fikiria PIN ya tarakimu 4 ya pesa zako za simu. Ingekuwa kila ukikosea inakuambia, "mbili za mwanzo umepatia," majaribio yangeshuka kutoka 10,000 hadi 200. Nani angeweka akiba yake humo? Tena huduma za pesa hukufungia baada ya kukosea mara chache. Ruta nyingi za wakati ule hazikumfungia mtu.

Udhaifu huu ulitangazwa Desemba 2011 na mtafiti Stefan Viehböck. Craig Heffner naye alikuwa ameugundua kivyake, na programu iitwayo Reaver ikatolewa ya kufanya kazi yote hiyo yenyewe. Tangu hapo, mvamizi hakuhitaji hata kuielewa hesabu niliyokuonyesha.

Tuwatendee haki wabunifu. Kuigawa PIN nusu mbili hakukuwa uzembe. Nia ilikuwa kila upande uthibitishe kwa mwenzake kwamba unaijua nusu ya kwanza kabla ya kugusa ya pili, ili ruta bandia isiipate PIN yote. Na tarakimu ya ukaguzi ni wazo zuri kwenye namba za kadi za benki. Shida ni kwamba kila wazo lilipimwa peke yake; yalipokutana kwenye namba fupi kiasi hiki, yakala usalama wote.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Umeambiwa miaka yote uweke nywila ndefu. Umetii, umeweka hata herufi 63, ambazo ndizo mwisho unaoruhusiwa. Aliyeipata PIN anapewa nywila hiyo na ruta yenyewe. Ukiibadilisha kesho, anaiomba tena, maana PIN ya kwenye kibandiko iko palepale. Kwenye nyumba ya kupanga au hosteli, jirani anamaliza bando lako, na wewe unalaumiwa kwamba nywila yako ni dhaifu.

Kitufe ni afadhali. Kinamtaka mtu awepo, asimame mbele ya ruta, na mlango unabaki wazi kwa dakika 2 tu. Dakika hizo zina hatari yake, lakini si sawa na mlango unaobishwa usiku kucha.

Linganisha na Bluetooth. Zamani kuunganisha vifaa vyake kulikuwa kuandika 0000 au 1234, na kila mtu alizijua. Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilileta njia nyingine: simu na kompyuta zinaonyesha namba ileile ya tarakimu 6, na wewe unathibitisha kwamba zinafanana. Namba hiyo si siri. Kazi yake ni kukuhakikishia kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati. Ubunifu mzuri, ila unategemea macho yako. Ukibonyeza "Ndiyo" bila kusoma, umeutupa.

Android iliiacha WPS kuanzia toleo la 9, mwaka 2018, na siku hizi vifaa vingi huunganishwa kwa kupiga picha msimbo wa QR. Lakini ruta hudumu kuliko simu, na ya kwako huenda bado ina WPS. Ingia kwenye mipangilio yake, uizime, na angalia kama kuna programu mpya ya kuisasisha. Printa? Nyingi zina tundu la USB: tumia waya siku ya kwanza, kompyuta iipe printa nywila, kisha chomoa.

Na ukikutana na njia nyingine ya kuunganisha kifaa "kwa urahisi", jiulize: aliye nje ya nyumba yangu anaweza kujaribu mara ngapi, na kila akikosea anaambiwa nini?