Kumuua Mshambuliaji: Kipimo cha Fiqhi na Haki ya Kusikilizwa

  

Kila wizi unapozidi, mimbarini husomwa Hadithi ya Said bin Zayd (r.a.) kwamba anayeuawa akitetea mali yake, nafsi yake, dini yake au ahali zake ni shahidi. Hadithi hiyo ni sahihi. Tunalolikosoa ni hukumu inayobandikwa baada yake, kwamba basi aliyemuua mwizi hana la kuulizwa. Hadithi inamzungumzia aliyeuawa. Aliyeua ana mlango wake katika fiqhi, na mlango huo una masharti.

Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) ameyaweka wazi katika Minhaj. Mshambuliaji huzuiwa kwa jambo jepesi kwanza, kisha linalofuata kwa uzito: maneno na kuomba msaada, kisha mkono, kisha mjeledi, kisha fimbo, na kuua ni mwisho wa yote. Anayewindwa nafsi yake akiweza kukimbia, kauli ya madhehebu ni kuwa akimbie wala asipigane. Aliyeruka ngazi ilhali ile ya chini ingetosha huyo ni mdhamini wa damu aliyoimwaga. Na katika Nasai, mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mnyang'anyi aliambiwa amkumbushe Allah, kisha awaombe msaada Waislamu walio karibu, kisha sultani, sultani akiwa mbali, ndipo apigane. Khatibu anayeruka yote haya amewafundisha watu nusu ya dini.

Tuchukue mfano. Tuseme mfugaji wa Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, amemkuta mtu zizini usiku, wakapambana, na yule mtu akafa. Polisi wako mbali, na hilo lina uzito wake katika fiqhi kama tulivyoona. Lakini maswali yanabaki: marehemu alikuwa na silaha? Alikuwa akija au akikimbia? Pigo lilikuwa moja au kumi? Aliendelea kupigwa baada ya kuanguka?

Maswali hayo hayo ndiyo ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), katika kifungu cha 18B cha toleo la 2002, inaruhusu nguvu za kiasi kinachohitajika tu, na aliyeua kwa kuzidisha nguvu katika kujitetea ana kosa la kuua bila kukusudia. Tofauti si ndogo. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Kuua bila kukusudia, upeo wake ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa pungufu ya hapo.

Basi shingo ya mtu inaning'inia kwenye swali moja: je, dai lake lilisikilizwa na kupimwa? Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ilisema kuwa wazee wa baraza wakielekezwa kimakosa katika jambo la msingi, au wasielekezwe kabisa, kesi haihesabiki kuwa imesikilizwa kwa msaada wao. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 jaji halazimiki kukaa nao, na kwa hiyo amana yake imezidi uzito. Wako wanaolalamika kuwa rufaa za namna hii humwachia muuaji kwa "vijisababu". Hao wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen, alimkataza kumhukumia wa kwanza kabla ya kumsikia wa pili. Na Nabii Musa (a.s.), katika Suratul Qasas, alimpiga mtu ngumi akafa pasi na kukusudia. Alitubu kwa Mola wake, lakini aliukimbia mji kwa sababu wakubwa wake walikuwa wakishauriana kumuua, si kumsikiliza.

Tofauti moja haifai kufichwa. Kwa mafaqihi wetu, muuaji anayedai kuwa alishambuliwa ndiye anayetakiwa alete ushahidi. Katika mahakama zetu, dai likishajitokeza, ni juu ya Jamhuri kulivunja bila kuacha shaka ya maana. Anayeiona kanuni hii ni ulegevu azingatie kuwa Sharia imewapa warithi mlango wa kusamehe au kupokea dia (Al-Baqara, 178), na Kanuni ya Adhabu haikuwapa mlango huo. Si uadilifu kuchukua ukali wa upande mmoja na kuacha rehema yake.

Nasaha yetu kwa maimamu ni hii: someni Hadithi ya shahidi pamoja na ngazi za Nawawi, tena kabla damu haijamwagika. Na mtu wenu akishitakiwa, msimhukumu barazani kabla mahakama haijamsikia, wala msimfanyie ushahidi wa uongo kwa kuwa ni jirani. Yote mawili ni dhulma.

Wallahu a'lam.