Filimbi Ukumbini: Tamthilia ya Kraspoekol na Waliokataa Kuisikia

Tamthilia nyingi hukumbukwa kwa yaliyonenwa na wahusika wake jukwaani. Kraspoekol, tamthilia ya Kiholanzi iliyoandikwa na Dirk van Hogendorp na kuchapwa mwaka 1800, hukumbukwa zaidi kwa makelele ya waliokaa vitini. Ilipoonyeshwa mjini The Hague tarehe 20 Machi 1801, mabwana wenye maslahi yao katika makoloni ya Mashariki waliingia ukumbini na filimbi, wakazipuliza na kupiga kelele hadi mchezo ukavurugika. Mhakiki anayetaka kuipima kazi hii hana budi kuanza na swali moja: ni kitu gani ndani yake kilichowachoma kiasi hicho?

Hadithi yenyewe haikuzaliwa Uholanzi. Ilizaliwa Batavia, mji wa bandari katika kisiwa cha Java ambao leo ndio Jakarta, na ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki barani Asia. Watumwa waliletwa mjini humo kutoka Bali, Sulawesi na kwingineko. Ndio waliopika, waliofua na waliobeba miavuli ya mabwana zao. Huko, mwaka 1778, iliasisiwa Jumuiya ya Sanaa na Sayansi ya Batavia, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Willem van Hogendorp, baba yake Dirk. Mzee huyu alitunga visa vya kuonya na kuelimisha. Kimoja, cha mwaka 1779, kilihimiza watu wachanjwe ndui. Kilichofuata, cha mwaka 1780, ni Kraspoekol.

Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kimalei: keras, yaani kali, na pukul, yaani piga. Ndilo jina la bibi wa nyumba ambaye hana lugha nyingine kwa watumwa wake isipokuwa kipigo, hata mwisho anauawa na mmoja wao. Baba na mwana walisimulia kisa kimoja, lakini walikipa vichwa viwili tofauti, na katika tofauti hiyo ndimo ilimo thamani ya tamthilia. Kichwa cha baba kinaendelea kwa kutaja matokeo ya kusikitisha ya ukali uliopindukia kwa watumwa. Kwa maneno mengine, ukali una kiasi chake, na kosa la bibi huyu ni kuuvuka mpaka. Ukatili kwa Willem ni kama ndui: maradhi ya mtu mmoja mmoja, nayo yana chanjo. Mwana alifuta maneno hayo yote, akaweka neno moja: Utumwa. Kisha akaongeza kwamba anachora taswira ya mwenendo wa maisha katika milki za Waholanzi huko Mashariki. Kwa kalamu ya mwana, kosa lilitoka kwa bibi mmoja likawa la nyumba zote.

Hata hivyo, haifai kuisifu tamthilia hii kupita kadiri yake. Fani aliyoichagua Dirk, ya mchezo wa kuliza na kutisha, ilikuwa ikipendwa mno Ulaya zama hizo. Mwaka huohuo wa 1800 Pixérécourt alikuwa akiwatoa watu machozi Paris kwa Coelina. Fani hiyo ina masharti yake. Inataka mwovu anayetambulika na mnyonge asiye na doa, kisha haki itimie kabla pazia halijashuka. Mwovu akishakufa, hadhira hupangusa machozi ikarudi nyumbani imetakata. Hapa mwovu ni mwanamke mwenye jina la Kimalei, na mtazamaji wa The Hague aliweza kabisa kujiambia kwamba ubaya huo ni wa Java na wa wanawake wa Java, si wa Kampuni wala wa faida iliyojengewa majumba ya Amsterdam. Kichwa kinashitaki utaratibu mzima, ilhali kisa kinamhukumu mtu mmoja. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kazi hii.

Ajabu ni kwamba waliopiga filimbi hawakuutumia mwanya huo. Walikuwa na kisa chao na mwandishi, kwa kuwa Dirk, aliyekuwa ofisa huko Java, alikamatwa mwaka 1798, akatoroka, na mwaka 1799 akatoa kitabu kilichoushutumu utawala wa Kampuni. Lakini chuki kwa mtu haitoshi kueleza mambo yote. Nchi yenyewe wakati huo ilijiita Jamhuri ya Batavia, jina lilelile la mji wa watumwa, na ilitangaza uhuru, usawa na udugu. Kuonyesha utumwa mbele ya taifa lililoapa kwa maneno hayo kulikuwa ni kulidai lilipe ahadi yake. Mabwana wale waliifahamu tamthilia kwa undani kuliko ilivyojifahamu yenyewe: walijiona katika kile kichwa, ingawa kisa kiliwapa mlango wa kutokea.

Mji wa Batavia nao ulipata jumba lake la michezo mwaka 1821, jumba ambalo hadi leo lingali linatumika kwa sanaa mjini Jakarta. Mchezo uliolifungua ulikuwa Othello. Kwa hiyo walowezi wenye watumwa waliweza kukaa kwa utulivu wakamtazama Mwafrika wa Shakespeare akipata mateso na kuteketea, kwa sababu Venice iko mbali na jikoni mwao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Utumwa ulipigwa marufuku katika makoloni hayo ya Mashariki tarehe 1 Januari 1860, karibu miaka sitini baada ya usiku ule wa The Hague. Suriname ilisubiri hadi 1863. Hapana anayeweza kudai kwamba Kraspoekol ndiyo iliyoleta siku hizo. Aliyeuawa katika mchezo ni bibi mmoja, na nyumba za mfano wa nyumba yake zilidumu. Lakini ile filimbi imehifadhi ushahidi ambao mchezo peke yake usingeweza kuuacha: mwaka 1801 wenye watumwa walikwishajua wanachokifanya, na walijua pia jina lake.