Chuma cha Kusubu na Moto Wake

Katika tafsiri za maandishi ya ufundi imezuka istilahi inayotutia mashaka: "chuma cha kutupwa". Mfasiri amekusudia chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kama puli ya mashine ya kusaga mahindi. Lakini fundi wa Sumbawanga akiyasoma maneno hayo atafahamu chuma chakavu, kilichokwisha kazi. Kiswahili kina kitenzi "kusubu". Kwa hiyo "chuma cha kusubu" chatosha.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Maandishi hayo huita "kulehemu" kila namna ya kuunga metali, kisha hutoa amri moja, kwamba chuma hicho kipashwe moto kwanza. Je, ni lazima? Swali hilo halijibiki mpaka maneno yatenganishwe.

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 2 hadi 4, nacho hakipindiki. Kikiyeyushwa mahali pamoja na pengine pote pakawa baridi, kiungo hupoa upesi, huwa kigumu mno, na ufa hutokea kando yake. Kwa hiyo anayechomelea kwa gesi na fimbo ya chuma cha kusubu hana budi kupasha kipande kizima, aghalabu nyuzi 500 hadi 650 za Selsiasi, kisha akifukie katika majivu kipoe polepole. Anayetumia umeme na fimbo ya nikeli aweza kuacha kukipasha hivyo, mradi achomelee sentimita 2 au 3 tu kwa mara moja, agongegonge kwa nyundo, na angoje kiungo kipoe hata kigusike. Anayeunga kwa shaba hayeyushi chuma chenyewe. Hukipasha kiasi cha shaba kushika.

Wahunzi wa Ufipa wa zamani hawakuchanganya mioto yao. "Ilungu" lilikuwa tanuri refu la kutolea chuma katika mawe, lisilo na mivukuto. "Kintengwe" lilikuwa tanuri dogo la kukisafisha, lenye mivukuto. Kila moto ulikuwa na jina kwa kuwa ulikuwa na kazi yake.

Kwa hiyo twapendekeza: "kulehemu" iwe kuunga kwa metali nyingine inayoyeyuka peke yake, "kuchomelea" iwe kuyeyusha kingo zenyewe, na "kutia weko" ibaki kwa mhunzi aungaye chuma cha moto kwa nyundo. Tena, penye "kupasha kwanza" mfasiri ataje nyuzi za joto, na kama ni kipande kizima au kando ya ufa tu. Akinyamaza, fundi atabahatisha, na puli ikipasuka mara ya pili kijiji kitakosa unga.

Walimu wa vyuo vya ufundi wenye maneno yaliyo bora kuliko haya tunawaomba watuletee.